Kondoo Dume Asiye na Pembe



Wiki hii nimepigiwa simu na mama mmoja wa Kisauni, msomaji wa safu hii, akaniomba nisimtaje jina. Mwanawe aliye gredi ya nne amepewa kazi ya Sanaa: achore mnyama wa kuchinjwa siku ya Idi, na amchore kama alivyo, si kikatuni. Mtoto amechagua kondoo dume. Mama alikuwa na maswali mawili. La kwanza, je, yajuzu? La pili alilileta kwa kicheko: "Na kama yajuzu, Maalim, huchorwaje? Maana mimi nikichora kondoo hutoka godoro lenye miguu."

Swali la kwanza nimeulizwa mara nyingi, na nakiri kwamba si kila mara nililijibu kwa hekima. La pili sikuwahi kuulizwa na mtu. Lakini imesadifu kuwa nina la kusema, kwa sababu mwaka jana, hapa Isiolo, nikiwa na miaka hamsini na sita na mkono uliozoea kuandika herufi za Kiarabu ubaoni na si kingine, nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya zizi la jirani nikajifunza kuchora kondoo.

Nianze na hukumu. Hadithi zinazowaonya wenye kutengeneza picha za viumbe vyenye roho ni sahihi, zimo katika Bukhari na Muslim, na hapana mwanafunzi wa madrasa asiyezijua: kwamba mtengeneza picha ataambiwa siku ya Kiyama avitie uhai alivyoviunda, naye hataweza. Imamu Nawawi, ambaye sisi Mashafi wa pwani twalelewa na vitabu vyake, ameshika msimamo mkali katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, wala hakutofautisha baina ya kilicho na kivuli na kisicho na kivuli. Wengi katika wanazuoni wa Kimaliki walitofautisha: sanamu lenye mwili na kivuli wakaliharamisha, na mchoro wa juu ya kitambaa au karatasi wakauona ni makuruhu. Na wote, hawa na hawa, wanaipokea habari ya Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, na wanasesere wake, akiwemo yule farasi aliyetiwa mbawa mbili za vitambaa, ambaye Mtume (s.a.w.) alipomwona alimwuliza habari zake kisha akacheka. Hapo ndipo wanazuoni wengi, hata wa madhehebu yetu, walipopata nafasi ya kuwaruhusu watoto vitu vya kuchezea. Na wengi wa zama hizi wamejenga juu yake ruhusa ya michoro ya kufundishia na kujifunzia.

Mimi si mufti. Mama akipenda kushika tahadhari, mtoto achore mnazi au jahazi, kama Ibn Abbas alivyomwelekeza mtu aliyekuwa akichuma riziki yake kwa picha achore miti na visivyo na roho. Na mwalimu mwungwana atalikubali hilo. Lakini akiniuliza ninafanyaje nyumbani kwangu, nitamwambia kwamba mtoto anayejifunza huchora, mchoro wake haukai mahali pa kuswalia wala hautukuzwi, na hauwi wa dhihaka wala wa aibu. Hayo ndiyo ninayoyafanya leo.

Sikuyafanya daima. Mwaka 2022, mvua zilipokuwa zimekataa msimu baada ya msimu tangu mwisho wa 2020, familia nyingi za wafugaji zilisogea kando ya mji huu zikiwa hazina kitu, na watoto wao wakaanza kuja madrasani kwetu. Siku moja, katika kusahihisha imla, nilikuta katika daftari la binti wa miaka tisa mnyama aliyechorwa ukurasa mzima. Sikuuliza. Niliuchana ule ukurasa mbele ya wenziwe, nikaukunja, nikasoma ile hadithi, nikaendelea na somo. Baada ya siku chache mama yake alikuja, si kwa kulalamika, bali kuniomba nimvumilie mtoto. Alikuwa amemchora kondoo dume aliyepewa na babake, akamlea kwa mkono tangu kuzaliwa, na ambaye alikufa njiani walipokuwa wakihama. Alikuwa anaogopa kumsahau uso.

Nilimwendea nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Alinisamehe kwa adabu, kama watoto wanavyowasamehe watu wazima wasiokuwa na hiari ya kuwakatalia. Lakini ule ukurasa sikuwa nao tena wa kumrudishia. Nimezisoma dalili za masuala haya mara nyingi tangu siku ile, na waliokataza wana dalili na walioruhusu wana dalili. Sikuona popote dalili ya kuchana daftari la mtoto kabla ya kumwuliza amechora nini.

Ndiyo sababu mwaka jana, Mfunguo Pili ilipokuwa ukingoni, mjukuu wangu wa miaka kumi alipojificha nyuma ya mlango na daftari lake la Sanaa, nilimwita nikamwambia alilete. Naye alikuwa amepewa mnyama wa Idi. Alikuwa amemchora kutoka kitabuni: pembe mbili nene zilizojikunja kama konokono, mwili wa mawingu ya sufu, miguu minne iliyosimama kama ya meza. Mimi, niliyezaliwa Lamu, mji wa punda, na nikala nyama ya kondoo maisha yangu yote, sikuona kasoro yoyote. Nikamwambia, "Umepatia, mama."

"Lakini Babu, hafanani na wa jirani."

Tukaenda kwa jirani, huko Kulamawe. Ni mama wa Kiborana, mjane, mwenye kondoo wasiozidi ishirini aliowajenga upya kidogo kidogo baada ya ukame, na katika hao nilikuwa nimekwisha kumchagua dume wangu wa udhiya. Aliutazama mchoro, akautazama tena, akajifunika mdomo kwa mtandio. "Maalim," akasema, "huyu ni kondoo wa nchi gani?"

Kwa wasomaji wangu wa pwani ambao huwaona kondoo hawa wakiteremshwa malorini siku za Mfunguo Tatu, lakini labda hawajawatazama, niwaeleze. Kondoo wa huku ana kichwa na shingo nyeusi kama tako la chungu, na mwili mweupe. Hana sufu, ana nywele fupi zilizolala, kama za mbuzi. Hana pembe, dume wala jike, isipokuwa mara chache kichomozo kidogo. Na nyuma, mahali pa mkia, ana furushi la mafuta lililogawanyika pande mbili, na katikati yake kijimkia chembamba kisichofika popote. Wasomali ndio waliojulikana naye zaidi duniani. Katika karne ya 19 kondoo wachache wa namna hii walifikishwa Afrika Kusini kwa meli, na walowezi wa huko wakawaita kondoo wa Kiajemi, ingawa asili yao ni pembe hii yetu ya Afrika na si Uajemi. Katika miaka ya 1930 wakawachanganya na kondoo wa Kiingereza wa Dorset, wakazaa Dorper, jina lililoshonwa kwa vipande vya Dorset na Persian. Na Dorper akarudi huku kwetu, akawa anauzwa kwa bei kubwa kama mgeni, mjukuu asiyejulikana na bibi yake.

Basi pembe ziliondoka kwa kifutio siku ya kwanza, na hapo nilipata nafasi ya kumjibu mjukuu jambo ambalo mama wengi huniuliza. Imepokewa kutoka kwa Anas kwamba Mtume (s.a.w.) alichinja kondoo dume wawili wenye pembe, weupe waliochanganyika na weusi. Na Bibi Aisha amesimulia habari ya dume mwenye pembe aliyekuwa na weusi miguuni, tumboni na machoni. Ukiisoma habari ile waona kabisa kwamba aliyesimulia alimtazama mnyama yule kwa makini kutoka kwato hadi uso. Watu wakishasikia hivyo hudhani asiye na pembe hafai. Anafaa. Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaji kwamba kukosa pembe hakudhuru udhiya. Mwenye pembe ni bora, akipatikana. Lakini mama wa Isiolo asiwe na wasiwasi na kondoo wake.

Sasa nije kwa swali la godoro lenye miguu.

Kosa letu la mwanzo lilikuwa kuchora tunachokijua badala ya tunachokiona. Mtoto anajua kondoo ana miguu minne, basi huichora yote minne, imepangwa sawasawa, hata kama mahali alipokaa miwili imefichana. Anajua ana macho mawili, basi huyaweka yote mawili upande mmoja wa uso. Dawa yake ni kukaa bila penseli. Jioni ya kwanza jirani alitukataza kuchora. Alitupa vikombe vya chai ya maziwa akasema tumtazame tu huyo kondoo mpaka adhana ya Magharibi. Nilichoka baada ya dakika kumi. Mjukuu hakuchoka.

Vifaa havigharimu. Tulikuwa na penseli ya HB ya mistari, penseli ya 2B ya vivuli, kifutio, karatasi za mitihani ya zamani zenye upande mmoja mweupe, na kipande cha mkaa kutoka jikoni kwa ajili ya kile kichwa cheusi.

Anza na mwili, wala usianze na jicho, ingawa kila mtoto hutaka kuanza na jicho. Chora kwa mkono mwepesi mno, mstari ambao mtu wa pili hauoni. Mwili wa kondoo wa huku si duara wala si mkate wa boflo; ni kama mtungi uliolazwa, mdomo wake mbele kwenye shingo na upande mpana nyuma. Mgongo karibu umenyooka. Tumbo ndilo linalobonyea chini. Ukiuchora mgongo kwa kuupinda kama daraja, umeshapata mnyama mgonjwa.

Kisha pima. Nyoosha mkono wote mbele yako ukiwa umeshika penseli, fumba jicho moja, linganisha ncha ya penseli na pua ya kondoo na kidole gumba na utosi wake. Hicho ndicho kipimo chako: kichwa kimoja. Sogeza kipimo hicho kwenye mwili uone vinaingia vichwa vingapi. Dume wetu kutoka kifuani hadi makalioni alikuwa karibu vichwa vitatu. Katika mchoro wa kwanza wa mjukuu alikuwa kichwa kimoja na nusu. Katika wangu, nasikitika kusema, alikuwa vichwa vitano, kama benchi. Mkono ukinyooka sawasawa kila mara, kipimo hakisemi uongo. Ukiukunja kiwiko, kinasema.

Miguu ndiyo inayowatoa watu machozi. Mguu wa mbele ni rahisi: unashuka umenyooka, una goti katikati, na goti hilo ndilo kondoo analopiga chini anapolala. Mguu wa nyuma una paja nene, halafu unarudi nyuma kwenye kifundo kinachochomoza kama kiwiko cha mtu, halafu ndio unashuka. Watoto huuchora kama wa mbele, na hapo ndipo meza inapozaliwa. Mwalimu wa shule wa mjukuu alitufundisha hila moja nzuri: usiutazame mguu, tazama upenyo. Baina ya miguu ya mbele na ya nyuma, chini ya tumbo, kuna kipande cha hewa chenye umbo lake. Chora umbo la ile hewa, na miguu itakuwa imejichora yenyewe kando yake. Mwalimu huyo huyo alinionyesha katika simu picha ya kundi la ngamia aliyoichora Yahya al-Wasiti huko Baghdad mwaka 1237, katika nakala ya Maqamat ya Al-Hariri ambayo leo imo katika Maktaba ya Taifa mjini Paris. Msitu wa miguu umesimama pale, mwembamba, umepishana, na bado kila mguu waujua ni wa ngamia yupi. Yule mtu alikaa mbele ya ngamia muda mrefu. Nami, niliyeisoma Sura ya Al-Ghashiya maelfu ya mara na kuwafundisha watu jinsi inavyotuelekeza tumtazame ngamia alivyoumbwa, nilijiona sijawahi kumtazama ngamia mmoja.

Kichwa ndipo tulipotumia jioni mbili nzima. Uso wa dume una mwinuko kidogo kwenye pua, haukunyooka kama wa mbuzi. Masikio hutoka ubavuni, yamelala karibu sawa na ardhi, hayasimami kama ya sungura. Jicho liko ubavuni mwa kichwa na juu kuliko unavyodhani, na mboni yake si duara kama yetu; ni ufa uliolala, kama tundu la kutilia sarafu kwenye kibweta. Ukiichora duara, hata kama kila kitu kingine kimepata, kondoo atakutazama kama mtu na utamwogopa. Chini ya jicho kuna mfereji mdogo. Midomo imekutana kwa mstari mmoja mfupi unaopinda juu mwishoni, ndiyo maana kondoo huonekana kama anatabasamu hata siku ya kuchinjwa.

Na sasa ule weusi. Mtoto huchukua mkaa akapaka kichwa chote kama anapaka masizi sufuria, na kichwa chote kikawa shimo. Weusi wa kondoo wakati wa jua la Alasiri si mweusi wote. Juu ya paji la uso kuna mng'ao, juu ya shavu kuna mng'ao, na kwenye ukingo wa sikio kuna mstari wa mwanga mwembamba kama uzi. Hapo karatasi iache nyeupe, au iguse kidogo tu kwa 2B. Mkaa uweke chini ya taya, ndani ya sikio, nyuma ya shavu, kisha usugue kwa kidole gumba. Na pale weusi unapokutana na weupe, shingoni, usipige mstari kama ukosi wa kanzu. Nywele huingiliana. Katika huyu wetu kulikuwa na doa jeupe lililopanda hadi chini ya koo, ambalo sikuliona mpaka jioni ya tatu.

Nyuma, lile furushi la mafuta lipe uzito. Lining'inie, lisikae kama mto uliobandikwa. Jirani alitueleza kwamba yeye huusoma msimu pale. Mvua ikiwa nzuri, hujaa mpaka kondoo akitembea hutikisika. Kiangazi kikiwa kirefu, mnyama hulila lile fungu lake mwenyewe siku baada ya siku. "Mwaka ule," akasema, bila kuutaja, "nilikuwa naweka mkono hapa nashika ngozi." Mjukuu alinyamaza kidogo, kisha akaliongeza kivuli upande wa chini likawa zito zaidi.

Kuhusu udume wake, mtoto alisimamisha penseli akanitazama. Jirani akamjibu kabla yangu: "Dume ni dume, mwana, usimfanye jike." Akachora, kwa kivuli na kwa staha, na tukaendelea na kwato. Nalitaja hili kwa sababu najua kuna mama atakayelifikia akaona haya. Hapana la haya hapo. Watoto wetu huwashikia kondoo kamba siku ya Idi.

Ilikuwa jioni ya nne, zimebaki siku tisa kufika Idi. Nilikuwa nimeshalipa nusu ya bei. Kondoo yule nilikuwa nimemkagua mara tatu kama ninavyowaandikia nyinyi kila mwaka katika safu hii: nilimfungua kinywa nikaona meno ya mbele yaliyobadilika, kwa hiyo umri umetimia, nilitazama macho yake yote mawili, nilimtembeza nikaona hachechemei, nilimbonyeza uti wa mgongo nikaona ana nyama. Mwenye chongo iliyo wazi, mgonjwa aliye wazi, kiguru aliye wazi, na aliyekonda asiye na uboho: hao wanne nimewafundisha watu miaka mingi kiasi kwamba nawakagua huku nikizungumza na simu.

Mjukuu alikuwa anatia kivuli cha sikio la kushoto. Akauliza, bila kuinua kichwa, "Babu, sikio hili nilitimize, au nilichore hivi lilivyo?"

"Lilivyo vipi?"

"Lina pengo."

Niliinuka nikaenda nikalishika. Karibu na ncha, upande wa chini, kilikuwa kimekatwa kipande cha pembetatu, si kikubwa, kama ukucha wa kidole gumba. Weusi juu ya weusi, mahali ambapo kichwa kina kivuli chake. Nilimwuliza jirani. Akajibu kwa wepesi, kwa sababu hakuwa na la kuficha: ndiyo alama ya nyumba yao, kila mwanakondoo hukatwa hapo akiwa mdogo, ili akichanganyika na kundi la watu malishoni ajulikane.

Katika madhehebu yetu ya Kishafi, sikio lililochanika au kutobolewa pasi na kupungua nyama halidhuru. Lakini lililokatwa kipande kikatoka, hata kikiwa kidogo, mnyama huyo hatoshi kwa udhiya. Wanazuoni wa madhehebu mengine wamesamehe kilichopungua kidogo, na mwenye kuwafuata hao ana njia yake. Ila mimi ndiye niliyekuwa nimewaambia watu hivi na hivi, mwaka baada ya mwaka, kwa maandishi. Na huku wafugaji wengi hukata masikio. Ni jambo ambalo mtu aliyeishi Isiolo miaka yote hii alipaswa kulitazama kwanza kuliko yote.

Jirani hakukasirika. Alinirudishia nusu ya bei pale pale, nikamkatalia, nikamwambia aiweke iwe ya dume mwingine akimpata. Alimpata siku ya tatu kwa nduguye anayeweka alama kwa chuma cha moto badala ya kisu, nikaongeza shilingi elfu mbili juu. Lakini usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu nilikuwa nimewakagulia wanyama watu wa nyumba nne za mtaa wetu wiki hiyo hiyo. Baada ya Alfajiri nilikwenda nyumba hadi nyumba na tochi. Tatu walikuwa salama. Ya nne, mbuzi wao alikuwa na pengo masikioni mwote mawili. Ilikuwa nyumba ya mama anayeuza mboga sokoni, aliyekusanya fedha zile tangu Mfunguo Mosi, na haikuwa rahisi kumwambia. Tulimbadilisha. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwamba ilikuwa bado siku tisa na si moja.

Nimerudi kwa mama wa Kisauni. Mchukue mwanao baada ya Alasiri, jua likiwa limelala, mpeleke walipofungwa kondoo. Siku hizi watakuwepo karibu na kila mtaa. Mwombe mwenyewe ruhusa kwanza. Mkae mbali kidogo, hatua sita au saba, maana ukikaa karibu mno kichwa huonekana kikubwa na miguu hupotea. Siku ya kwanza mtazame tu. Picha ya simu ipigeni ya kukumbushia mkiwa nyumbani, lakini msichore kutoka kwenye simu pekee, kwa sababu humo vivuli vya kichwa cheusi vyote huwa kimoja. Huko kwenu huenda akawa kondoo mwekundu wa Wamasai, au mwenye mkia mrefu, au mwenye pembe kweli; basi achore huyo aliye mbele yake. Mkishindwa kujua kama ni kondoo au mbuzi, mbuzi huinua mkia, kondoo huuteremsha. Na wewe mama, chukua karatasi yako na penseli yako, ukae ubavuni mwake uchore wako. Usishike penseli kwenye karatasi yake. Mimi nilishika mara moja, kunyoosha mguu, na nikaambiwa kwa heshima zote, "Babu, wako uko pale."

Mchoro wa mjukuu wangu ulikwenda shule ukiwa na sikio lenye pengo. Nilimwambia kwenye karatasi anaweza kulitimiza, halitamdhuru mtu. Akakataa. Mwalimu aliuliza mbona kondoo ameliwa sikio, akaelezwa habari yote, na nasikia darasa zima lilikwenda kuwatazama mbuzi wa mlinzi.

Dume yule hakuchinjwa. Jirani amembakiza azae, na mwaka huu ana wanakondoo watano, wote wana alama, ila safari hii ni ya rangi mgongoni, kisu amekiweka. Jumamosi iliyopita tulirudi na karatasi zetu. Amenenepa, shingo imekuwa pana, na ule mtungi wangu wa mwaka jana haumtoshi tena. Kichwa chake nimeanza kukipatia. Miguu ya nyuma bado imetushinda sote wawili.